Seremala Aliyejisahau Katika Bei Yake

Seremala huyu watu walimwita Bei ya Ndugu, na jina hilo alijipatia kwa kinywa chake mwenyewe. Mteja hajamaliza kueleza anataka kabati la milango mingapi, yeye ameshachomeka penseli nyuma ya sikio na kusema, "Usijali, nitakufanyia bei ya ndugu." Aliyekuwa ndugu kweli aliipata bei hiyo, jirani aliipata, na hata mpita njia aliyechungulia kuuliza saa angeipata, kama angetaka kigoda. Kwa miaka ishirini na miwili hapakuwa na mgeni kwa seremala yule, isipokuwa fedha.

Kazi hakuikosa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati uliotazama kichochoro, na tangu asubuhi kilijaa mlio wa randa na harufu ya mbao mbichi. Meza alizozitengeneza hazikuyumba; droo zake zilifunguka kwa kidole kimoja. Jioni mkewe, mwanamke wa maneno machache yenye uzito, alimkung'uta vumbi mabegani kabla hajaingia ndani.

"Baba, vumbi la kazi naliona kila siku," alisema. "Faida yake inapita mlango gani?"

"Itakuja, mke wangu. Riziki haina haraka."

"Haina haraka, lakini mwenye chumba anayo."

Mwenye chumba alikuwa akidai kodi ya miezi minne, naye alikuwa na njia yake ya kudai. Hakupiga kelele wala hakutukana. Siku moja alikuja na kufuli jipya linalong'aa, akalitundika wazi kwenye pete ya mlango, akalitazama kama mtu aliyetundika picha ukutani.

"Naliacha hapa tu, fundi, mzoeane," alisema kwa upole. "Mwisho wa mwezi usiponilipa, nitalibana."

Tangu siku hiyo, kila mlango ulipofunguliwa, kufuli liligonga bati, ko, ko, na kila lilipogonga, seremala alihisi limegonga kifuani mwake. Alijua kitakachofuata likibanwa. Barabarani palikuwa na karakana kubwa yenye mashine za umeme, na mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alikwisha kumtumia salamu kwamba nafasi ya kibarua ipo. Kwa hiyo uzeeni angekwenda kushika msumeno wa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha namna ya kuushika. Alimwomba Mola amwepushe na siku hiyo, na baada ya kuomba aliendelea kuwatoza watu bei ya ndugu.

Basi katika mwezi huo huo likaja tangazo. Chama cha akiba na mikopo cha mtaa kilikuwa na ofisi katika jengo la ghorofa moja, mkabala na duka la dawa, na seremala alikuwa mwanachama wake tangu ujanani, ingawa akiba yake ilikua kwa mwendo wa konokono. Kila mwaka, hesabu zikishafungwa, wanachama walitenga fungu la ziada kwa jambo litakalowafaa watu wote, wenye hisa na wasio nazo. Mwaka huo walikubaliana juu ya zahanati, ambako kina mama walisubiri zamu wakiwa wamechuchumaa ukutani, watoto mgongoni. Yalitakiwa mabenchi ishirini ya kuegemea, na fundi aliyeitaka kazi apeleke makadirio.

Seremala alilisoma tangazo mara tatu. "Hii ni yangu," alijiambia. Usingizi wa mchana ule ulimpita. Alikaa akaandika kwa mwandiko wa kunyooka: mbao, misumari, gundi, msasa, vanishi, na gari la kubebea. Akapiga mistari miwili chini ya jumla, akapeleka.

Siku tatu baadaye karatasi ilirudi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na maneno machache: *Bei haiko sawa. Tafadhali irekebishe.*

"Nimewapiga bei kubwa," alimwambia mkewe, aibu imemjaa. "Na ni fedha za wagonjwa, jamani!"

Akalifuta gari. Mabenchi angeyasukuma mwenyewe kwa mkokoteni, safari tano au sita. Akapeleka tena. Karatasi ikarudi tena: *Bei bado haiko sawa.*

Safari hii aliifuta misumari, kwa kuwa alikuwa na akiba ya misumari katika kopo, na gundi akaiandika nusu. Ng'ambo ya kichochoro alikaa fundi cherehani, mtu mnene mwenye ulimi mwembamba, ambaye macho yake yalikuwa kwenye nguo na masikio yake kwa majirani.

"Bei ya Ndugu!" aliita. "Unapunguza tena?"

"Nifanyeje? Wamekataa mara mbili."

"Endelea hivyo hivyo. Mwisho utawalipa wewe ili wakubali kukaa!"

Kichochoro kizima kilicheka, na seremala akacheka nao, maana alikuwa mtu wa kucheka. Lakini alipogeuka kuingia ndani kufuli liligonga bati, na kicheko kikamkauka. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Karatasi ile ya tatu hakuituma. Aliamua kuipeleka mwenyewe siku ya Alhamisi, kwa sababu kila Alhamisi alasiri afisa mikopo wa chama aliketi ukumbini kujibu maswali ya watu juu ya fedha zao. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyoshuka puani, na watu walimwita Bi Mizani kwa kuwa hakuna neno alilolitoa kabla ya kulipima. Seremala alikuta watu kumi na watano hivi kwenye viti vya plastiki, akajibanza nyuma.

Muuza mboga mmoja alikuwa amesimama. "Mama, mimi nauza sana, lakini jioni sioni kitu."

"Fedha ya mboga na fedha ya nyumbani unaziweka wapi?"

"Si hapa hapa," alisema yule mama, akijipiga kifundo cha khanga kiunoni.

"Zote?"

"Kiuno si ni kimoja, mama!"

Watu walivunjika mbavu, na Bi Mizani naye akatabasamu. "Tafuta makopo mawili, mwanangu. Moja la mboga, moja la nyumba. Nyumba ikitaka fedha ya mboga, ikope, na irudishe kama mtu mwingine yeyote. Ukifanya hivyo mwezi mmoja, utajua nani anamla mwenzake."

Watu walipotawanyika, seremala alisogea mezani, akaweka karatasi yake kwa mikono miwili.

"Mama, shikamoo. Nimepunguza mpaka mfupani. Zaidi ya hapa siwezi."

"Marahaba, fundi. Nilikuwa nakungoja." Aliisoma, akavua miwani. "Nani alikuambia upunguze?"

"Si nyinyi? Mmeandika bei haiko sawa."

"Tuliandika haiko sawa. Tuliandika ni kubwa?"

Seremala alivuta kiti cha plastiki, akaketi.

"Nikuulize. Benchi moja linakuchukua muda gani?"

"Siku moja na nusu, nikiwa mzima. Mimi sigongi misumari na kuondoka, mama. Mimi nachimba tundu kwa patasi, miguu iingie, likae miaka."

"Mabenchi ishirini ni siku thelathini. Nionyeshe hizo siku thelathini ziko wapi katika karatasi hii."

Alizitafuta. Wallahi alizitafuta kweli, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kama mtu aliyeamini ziliandikwa mahali zikateleza.

"Mama, siku si mbao," alisema hatimaye.

"Na chumba unachofanyia kazi? Na msumeno ukiisha meno? Fundi, humu ndani yumo mwenye mbao, yumo mwenye vanishi, yumo mwenye msasa. Wote watalipwa. Wewe humo."

Mfagiaji alikuwa akipanga viti, kimoja juu ya kingine.

"Acha nikuambie kamati ilisema nini, usikasirike," Bi Mizani aliendelea, sauti imeshuka. "Walisema bei hii ni ya mwizi. Miaka miwili iliyopita fundi mmoja alitupa bei ya namna hii kwa madawati ya shule. Alipofika katikati fedha zikamwishia, akatumia mbao mbovu, akakimbia. Mimi nikawaambia, bei hii ni ya mwizi au ya mtu aliyejisahau, na huyu namjua. Kitanda ninacholalia amekitengeneza yeye, mwaka wa kumi na nne huu, hakijawahi hata kulia. Huyu amejisahau."

Machozi yalimlenga seremala, akayaficha kwa kukuna kidevu. "Lakini mama, ni wagonjwa. Mimi niliona ni sadaka. Niwatoze wagonjwa jasho langu?"

"Sadaka ni jambo kubwa, sitakuzuia. Lakini mtu hutoa kilicho chake. Kodi ya chumba usiyoilipa si yako, ni ya mwenye chumba. Huyo naye umemuuliza kama anatoa sadaka?" Akamrudishia karatasi. "Jiandike humo kwanza. Ukishalipwa, ukitaka kutoa, tengeneza benchi la ishirini na moja. Hilo litakuwa lako, nalo litakuwa sadaka kweli."

Wanazuoni wa kale walipoulizwa uadilifu ni nini, walijibu kwamba ni kukiweka kila kitu mahali pake. Wengi wetu tumelielewa neno hilo kuwa linahusu haki ya jirani, ya yatima na ya mgeni, na ndivyo lilivyo. Lakini nafsi ya mtu nayo ni amana aliyokabidhiwa, na anayeidhulumu nafsi yake hujikuta siku moja anamdhulumu na asiyehusika. Seremala hakuwa msomi wa vitabu, ila njiani kurudi nyumbani alimkumbuka mwenye chumba, na kwa mara ya kwanza hakumkumbuka kwa chuki.

Jioni hiyo hiyo aliketi na mkewe mezani. Alitaka kuandika siku ishirini na tano, ionekane ana huruma.

"Thelathini," alisema mkewe.

"Wewe umejuaje?"

"Ulipotengeneza benchi la baba yangu, nilikuletea chakula cha mchana siku mbili, na siku ya pili ulimaliza adhuhuri. Mimi ndiye niliyekuwa nakuja na sahani, baba. Siku zako zote ninazo mimi."

Akaandika thelathini. Akaandika chumba, akaandika kunoa misumeno, akairudisha misumari na gundi, na gari likarudi. Alipofika kwenye mstari wa ujira wake aliandika polepole, kama mtu anayeandika uongo. Jumla ilipotoka, ilikuwa karibu maradufu ya ile ya kwanza.

"Watanifukuza," alisema.

"Wafukuze. Ulikuwa unafukuzwa kwa bei ndogo, angalau sasa ufukuzwe kwa heshima."

Kamati ilikaa Jumamosi. Asubuhi yote seremala alikuwa karakanani akipiga randa ubao usiokuwa wa mtu. Fundi cherehani alimwona, na siku hiyo hakumtania. Alimletea tu kikombe cha chai, akaketi mlangoni, jambo lililomtia seremala hofu zaidi. Saa sita ilikuwa imepita kidogo alipotokea tarishi wa chama na bahasha.

"Isome wewe," seremala alimwambia jirani yake. "Macho yangu leo hayanitii."

Fundi cherehani aliisoma kwa midomo, kimya, akarudia. Kisha akasema, "Wamekubali. Bei ile ile, kama ulivyoiandika. Na theluthi wanakupa Jumatatu asubuhi, uanze."

Seremala aliketi juu ya ule ubao. Alishusha pumzi ndefu, ndefu kweli, pumzi ambayo nadhani aliibana kwa miaka ishirini na miwili, akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ndogo. Kisha kicheko kikamshika. Jirani naye akashikwa, wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye maranda.

"Sasa suruali zangu ulizonishonea," seremala alisema akijifuta macho, "nazo ulijiandika?"

"Mimi? Mimi nilijiandika mara mbili!"

Mwisho wa mwezi mwenye chumba alikuja, akahesabiwa kodi ya miezi yote minne. Aliushukuru mkono uliompa, akanyoosha wake kulitungua kufuli.

"Hilo liache," seremala alisema. "Niuzie."

Mwenye chumba alimtazama kwa mshangao. "Haya. Nikufanyie bei ya ndugu?"

"Hapana, kaka. Sema bei yake."

Mabenchi yalifika zahanati kwa gari la kulipiwa. Bi Mizani alikuwapo na karatasi yake, akiyahesabu moja moja yalivyoshushwa, mpaka akafika mwisho wa orodha na benchi moja likabaki kwenye gari.

"Hili halimo humu, fundi."

"Halimo, mama," alijibu seremala, na akalishusha mwenyewe, polepole, akaliweka chini ya dirisha penye upepo. "Mimi ndiye niliyemo."

Mama mmoja aliyekuwa amechuchumaa ukutani aliinuka, akamshusha mtoto mgongoni, akalijaribu kwa mkono kama haliyumbi. Halikuyumba. Akakaa.