Diski ya Feleti Yavuliwa Mikeka

Lesieli binti Feleti hakuumbwa kwa ajili ya kunyamaza, na kijiji chao kizima huko Haapai, kwenye visiwa vya Tonga, kilimjua hivyo tangu hajang'oka meno ya utoto. Wenzake walipoambiwa kwamba kupika umu, chakula cha kufukiwa shimoni kwenye mawe ya moto, ni kazi ya wanaume, walisema sawa. Yeye hakuwa na kaka, na mama yake alikuwa keshafariki, sasa hilo shimo angelichimba nani? Akalichimba mwenyewe. Kila Jumapili alfajiri aliwasha kuni, akapasha mawe, akafunga nyama na tui la nazi kwenye majani ya magimbi, akapanga vifurushi juu ya mawe, akafunika kwa majani ya mgomba, magunia na udongo. Wanaume wakipita kwenda kanisani walimtania.

"Lesieli, ndevu utaota lini?"

"Siku mtakayoacha kuja kula kwangu," alijibu bila kuinua kichwa. Nao hawakuacha kuja.

Aliposhinikizwa aolewe na shemasi mjane, alikataa. Alipoambiwa aende Australia kuchuma matunda kama wenzake, alikataa pia, akabaki kushona sare za shule kwenye cherehani ya kukanyaga. Kitu kimoja tu hakuwahi kukipinga maishani: vitu vya baba yake. Kikombe cha baba hakukinywea, mto wake hakuulalia, kichwa chake hakukigusa hata alipokuwa mahututi. Ndivyo watoto wa Tonga walivyolelewa. Mwenye kauli juu ya vitu vya baba ni dada yake baba, na watoto wa dada huyo. Mtoto wa kumzaa mwenyewe hutazama kwa mbali.

Na Feleti hakuacha vingi. Alikuwa mtunzi wa lakalaka, zile nyimbo za kuchezwa ambazo kijiji kizima husimama mistari, wanaume huku na wanawake kule. Kila wimbo aliurekodi kwa video akiufundisha, akauweka kwenye kompyuta ya kanisa na kwenye diski moja ya nje, nyeusi, saizi ya Agano Jipya la mfukoni. Kompyuta ya kanisa iliharibiwa na chumvi ya bahari. Ikabaki hiyo diski peke yake.

Baada ya mazishi diski ilichukuliwa na dada yake marehemu, Shangazi Toakase. Aliifunga kwa ngatu, kitambaa kizuri cha magome kilichochorwa kwa mkono, akaizungushia mkeka laini wa arusi yake, akaiweka juu ya kabati kando ya picha ya kaka yake na maua ya plastiki. Kila Jumapili baada ya chakula ukoo uliketi chini kutazama nyimbo kwenye televisheni. Diski ilikuwa humohumo ndani ya furushi lake, waya tu umechomoza nje kama mkia wa panya.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili pia. Wa tatu ulikatika katikati na kioo kikawa cheusi. Hapo ndipo palipouma, kwa sababu wimbo wa tatu Feleti aliutungia dada yake. Kaka na dada wakishakuwa wakubwa hawakai chumba kimoja kupiga soga, heshima haiwaruhusu. Lolote Feleti alilotaka kumwambia Toakase alilitia kwenye wimbo huo. Ubeti wake wa mwisho aliurekodi peke yake, akiwa tayari mgonjwa, na hakuna mtu aliyekuwa ameusikia.

"Hatujamheshimu vya kutosha," Shangazi alisema Jumapili ile ya kwanza, akaongeza mkeka. Jumapili iliyofuata ukakatika mapema zaidi. Akaongeza mwingine. Walipomwomba waanze na wimbo wa tatu alikataa katakata, "Zinapigwa kama alivyozipanga mwenyewe." Kila diski ilipozidi kugoma ilizidi kuvikwa, hadi ikanenepa kama mto wa kulalia.

Halafu ikaja Jumapili moja ya joto lisilo na adabu. Hata mbwa walikuwa wamejilaza chini ya tangi la maji. Watu walikuwa wamekula, wameshiba, wamelegeza kidogo mikeka wanayojifunga kiunoni kwenda kanisani. Safari hii ulikatika wimbo wa pili. Penisimani, mtoto wa Shangazi, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu kule mjini Pangai, alisogeza pua karibu na lile furushi.

"Lesieli," alinong'ona, "inanuka. Halafu sikiliza, inagonga. Ikianza kugonga hivi haina siku nyingi. Inaweza kuzima leo isiamke tena."

"Si uifungue? Wewe mtoto wa dada yake, haki unayo."

"Mama ataniua. Halafu atanizika na hiyo mikeka."

Shangazi Toakase alikuwa ameshainuka, mkeka mpya mikononi, mzuri kuliko yote. "Amechoka," alisema kwa huzuni. "Mwacheni. Mfunikeni apumzike."

"Shangazi, huo usiuweke."

Alikuwa Lesieli. Watu waligeuka.

"Unasemaje?"

"Nauliza kwanza. Nyama ya leo ulionaje?"

"Usinizungushe, mtoto wa kaka yangu."

"Nakuuliza kwa heshima."

"Ilikuwa laini," Shangazi alisema, maana uongo siku ya Jumapili hauwezi. "Kwani?"

"Ilikuwa laini kwa sababu niliifunga, nikaifunika, nikaifukia mpaka hewa ikakosa pa kupita. Hicho kitu ni mashine, Shangazi. Ikifanya kazi inatoa joto, na joto linataka kutoka. Nyinyi mnaifukia. Baba yangu mnampika kila Jumapili, na mkimaliza mnaongeza udongo!"

Penisimani alipaliwa na maji ya dafu. Wazee wawili walitazama dari ili wasicheke.

"Hukuwahi kugusa hata kikombe chake," Shangazi alisema taratibu. "Leo umepata mikono? Tena Jumapili? Ukiigusa, usiniite shangazi tena."

"Basi nitakuita Toakase."

Lesieli mwenyewe alishtuka kusikia neno hilo limetoka kinywani mwake. Aliogopa, na asikudanganye mtu kwamba hakuogopa. Alivuka chumba, na aliponyoosha mkono juu ya kabati aliona kama anamshika baba yake kichwani. Lakini alilishika furushi. Akafungua mkeka wa kwanza, wa pili, na mingine chini yake, akiikunja vizuri mmoja mmoja na kuiweka miguuni pa Shangazi, maana mikeka haikuwa na kosa. Akafika kwenye ngatu. Ndani yake diski ilimchoma kiganja.

"Barafu!" mtu alipendekeza. "Iko ya samaki kwenye friza!"

"Barafu mweke vichwani mwenu. Hiyo diski itatoka jasho, maji yaingie ndani, tumzike baba mara ya pili."

Alichomoa waya, akachukua makopo mawili ya nyama yaliyobaki jikoni, akayapanga sakafuni, akaiweka diski juu yake kama daraja ili upepo upite chini. Akaigeuzia feni. Kitu cha marehemu sakafuni, kikiwa uchi, mbele ya ukoo mzima. Mzee mmoja alifumba macho. Lesieli alikaa kando ya diski, mikono kifuani, akimtazama kila aliyemtazama.

Ilipopoa Penisimani aliona aibu, akaleta kompyuta yake ya mkononi na kuunganisha.

"Anza na wa tatu," Lesieli alisema.

"Mama alisema kwa mpangilio wa..."

"Mpangilio huo ni wa kucheza. Huu ni wa kuokoa."

Nakala ilianza kuhama, polepole mno, mstari wa kijani ukitambaa kwenye kioo. Ulipofika katikati umeme ulikatika. Feni ilizunguka kivivu, ikasimama. Kompyuta ilikuwa na chaji yake, diski ikaendelea kufanya kazi, na joto likaanza kurudi. Kisha wote walisikia ule mgongano wa chuma kwa chuma, tik, tik.

"Tuizime?" Penisimani aliuliza.

"Ikizimwa sasa huenda isiamke, umesema mwenyewe." Lesieli alinyakua mfuniko wa sufuria na kupepea. Alipepea kwa mkono wa kulia, akahamia wa kushoto. Mikono ile ilikuwa imechimba shimo asubuhi, ikainua mawe, na sasa ilikuwa imechoka. Machozi ya hasira yalimtoka. Hakutaka baba yake amfie tena mbele ya macho huku watu wamekaa.

Akaona kivuli. Shangazi Toakase alikuwa amesimama juu yake, na mkononi alikuwa na upepeo wake wa ukindu, ule aliomfukuzia kaka yake nzi muda wote wa msiba.

"Sogea," alisema. "Unapepea kama unafukuza kuku."

Alikaa chini na mwili wake mzito, akaanza. Upepo wake ulikuwa mmoja, wa chini, usiokatika, wa mtu aliyekwisha kumpepea maiti kutwa kucha. Mlio wa chuma ulipungua.

"Sijakusamehe," alisema bila kugeuka.

"Sijaomba."

"Vizuri."

Mstari wa kijani ulifika mwisho. Penisimani alipumua kwa nguvu, akachomoa waya, akaupiga wimbo kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Ulipita mahali ulipokuwa ukikatikia, watu wakashikana mikono. Ulipita sauti za wanaume na za wanawake. Kisha wakanyamaza wote humo ndani ya wimbo, na Feleti akabaki peke yake, sauti imekwaruza, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache.

*Dada yangu, nilikaa mbali nawe kwa heshima,*
*leo sogea. Naimba karibu na sikio lako.*

Umeme ulirudi. Feni ilianza kuzunguka, ikapeperusha maua ya plastiki na pindo za mikeka iliyokunjwa. Penisimani aliigusa diski, akamwinamia mama yake.

"Mama, imeshapoa. Pumzisha mkono."

"Nani kakuuliza?" alisema Shangazi Toakase, na akaendelea kupepea. Kisha kwa mkono wake wa pili, macho yakiwa bado kwenye kioo, akamvuta Lesieli kwa ukosi wa nguo akae karibu.

"Rudisha nyuma," Lesieli alimwambia binamu yake. "Shangazi hajasikia vizuri."