Nilibomoa tailizi nilizoweka mwenyewe ili mama aipate tena nyumba yake

Wakuu, heshima kwenu wote. Haya sijasimuliwa na mtu, yamenikuta mimi. Kuna sehemu zinaniaibisha lakini nitazisema.

Shule niliishia darasa la tano. Nimetoka Tinde na kandambili, nikaingia mashimoni Geita, leo nina makarasha matatu ya kusaga mawe na nyumba nzuri mjini, Ngokolo. Kuna wenye digrii wananiita bosi. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Sasa nyumba ya shambani huko Tinde aliijenga marehemu baba kwa hela ya pamba. Tofali za tope, sakafu ya udongo, kizingiti kirefu mlangoni. Mama anaishi humo na macho yake yamebaki kidogo sana, anaona mwanga tu.

Nikasema, mama yangu alale kwenye udongo na mimi nipo? Nikamhamishia Ngokolo miezi miwili, nikashusha mafundi.

Tailizi. Jipsamu. Madirisha ya aluminiamu. Kizingiti tukakata. Benchi la udongo lililofuata ukuta mpaka chumbani tukavunja. Kishubaka cha ukutani alichowekea vitu vyake enzi za baba tukaziba na saruji.

Na mchimbaji ni mchimbaji. Ule udongo wa sakafu ulikuwa wa kichuguu, na sisi udongo wa kichuguu hatuutupi hivi hivi. Nikaupeleka mtoni, tukauosha wote kwenye karai tukitafuta dhahabu.

Haukuwa na kitu. Chekeni tu.

Mama akarudi. Nikasimama pembeni nikisubiri sifa.

Akaingia hatua nne, akasimama katikati ya sebule. Mikono inapapasa hewa. Halafu akasema, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Mimi nikacheka. Mke wangu akanibana mkono: "Baba Kulwa, mama hatanii."

Tangu siku hiyo akawa anashinda jiko la nje. Mara mbili aliteleza. Nikamwambia basi turudi Ngokolo. Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, huko nitakuwa mgeni mpaka nife." Nikaona hapa ni mawili: nyumba irudi kama ilivyokuwa, au mama nimng'oe kwake kwa nguvu.

Nikabomoa.

Fundi akataka ramani. Ramani ipi wakati tumeshavunja? Ikabidi mama mwenyewe apime, benchi kwa mapaja yake, kizingiti kwa goti. Fundi anachora chaki.

Sakafu ndiyo kazi. Kusiriba huku kwetu ni kazi ya akina mama, fundi wa mjini hajui. Mimi nikabeba udongo mpya wa kichuguu na mavi mabichi ya ng'ombe, nikavua viatu nikakanyaga. Jirani yetu Mama Shija akapita na ndoo:

"Bosi wa Geita! Dhahabu imeisha, umehamia mavini?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kanyaga vizuri, hiyo bado ina mabonge."

Mwisho kikabaki kishubaka. Nikagonga saruji taratibu kwa tindo, nikakikuta kizima, na moshi wa kibatari wa miaka hiyo bado upo. Nikajisikia fundi kuliko mafundi wote. Nikamwita mama.

Akapita kizingiti bila kushikwa. Akafuata benchi kwa mguu mpaka mwisho, akanyoosha mkono. Ukagonga ukuta, chini ya kishubaka.

"Mbona umekipandisha?"

"Mayu, hakijasogea. Ni kile kile."

Akapapasa tena. Halafu akacheka.

"Basi ni mimi nimeshuka."

Wakuu, mimi nimeangukiwa na kifusi shimoni sikulia. Pale ilibidi nijifanye vumbi limeniingia machoni.

Tukachonga kingine chini yake kwa kiganja kimoja. Cha juu nikakiacha kama alivyokiacha baba. Mama akaweka kikombe chake na ugoro, akavitoa, akavirudisha. Halafu akasema, "Sasa nenda kwenye mashimo yako. Mimi nipo kwangu."

Nilichojifunza: nilitengeneza nyumba mara ya kwanza ili watu wanione mimi. Mara ya pili nilitaka iwe ya zamani kabisa, napo nikakosea. Kabla hujashika nyundo muulize anayelala humo, tena mpime alivyo leo.

Mliokarabati nyumba za wazazi, nyie mliacha nini na mlivunja nini? Semeni. Hata wa kunicheka kuhusu karai, waje.