Rangi Iliyoliwa na Ng'ombe wa Mahari

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja hapa Kimumu nilipopigwa na butwaa hadi nikasahau kuwasalimu wakwe.

Ilikuwa enzi ya chama kimoja, maziwa ya shule yakiwa bure na maneno yakiwa ghali. Wazazi wa msichana niliyemposa walikuwa waje kuona atakapoishi. Nikaenda mjini kutafuta rangi ya nyumba. Muuzaji mmoja alikuwa na ya bei ya chini, lakini mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilibeba kikombe cha bati chenye tundu chini. Unaziba tundu kwa kidole, unakijaza rangi, unaachilia kidole, unahesabu mpaka uzi wa rangi ukatike. Nyepesi huwahi, nzito hujivuta. Nikapima rangi ghali ya duka jingine, nikapima yake. Nikarudia. Hesabu ileile! Nikamshusha bei tena, nikarudi nikipiga mluzi.

Tukapaka, ikakauka. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi wageni wakifika langoni, naona ukuta unateremka kama uji, na ng'ombe niliowaandaa kwa mahari wamepanga mstari, wanalamba! Bandubandu huisha gogo: penye dirisha ulishabaki udongo mtupu. Kumbe yule muuzaji aliizimua rangi kwa maji, kisha akaifanya nzito kwa unga wa ngano.

Baba mkwe aliwatazama ng'ombe, akanitazama. "Kijana, hawa ndio unatupatia?"

"Ndio, Mzee."

"Wamekula nyumba ya binti yangu. Wakifika kwangu watakula nini?"

Mama mkwe akajifunika mdomo kwa leso. Mpaka leo sijui alilia au alicheka.

Nikaleta kikombe nijitetee. Mzee akachungulia tunduni. "Ulipima inavyokimbia. Inavyokaa ulimwachia nani? Paka nyingine. Mvua ikiipiga na ibaki, tuite. Isipobaki, usituite."

Wakaondoka bila kuonja chai, sufuria nzima! Nikapaka rangi ya maana, nikangoja msimu wote wa mvua moyo ukiwa juu juu, kila ngurumo natoka kupapasa ukuta. Rangi ilishika. Nikawaita, wakarudi.

Kwa hivyo, mwanangu, usikubali kitu kwa jinsi kinavyomiminika, kiwe rangi ama maneno matamu ya mtu. Kipake kwanza kwenye kipande cha bati, kikauke, ukimwagie maji. Kinachobaki ndicho unanunua. Na bado uombe bei ipunguzwe.

Mungu akusimamishie nyumba, na mvua ikija ikukute ndani na watu wako.