Mkundaji wa Urbanus

Katika kijiji kizima cha ujamaa, kule upande wa Ulaya, ile ya kwetu bara na si ile ya Wazungu, Urbanus peke yake ndiye aliyewahi kula mshahara kwa kupima ndevu za samaki. Watu walimtania, naye alicheka nao. Kabla ya kurudi kulima pamba alikaa Dar es Salaam miaka mitano, akimsaidia mtaalamu mmoja wa Kizungu kupanga wakundaji, wale samaki wa baharini wenye ndevu mbili kidevuni kama beberu: huyu aina hii, yule aina ile.

Kazi ilikuwa na sharti moja. Mkundaji akifa rangi humtoka upesi, na akitiwa kwenye dawa ya kuhifadhia hubaki mweupe. Kwa hiyo rangi iandikwe kwanza, samaki angali mbichi.

Mwaka 1973 ikaja barua. Mwalimu Sesilia aliisoma mkutanoni akiifasiri: mtaalamu amepata aina mpya ya mkundaji, inayotambulikana kwa doa jeusi mkiani. Kwa kuwa doa hilo liliandikwa na Urbanus kwa uangalifu mkubwa, samaki amepewa jina lake.

Vigelegele vikapasua anga. Urbanus alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Uangalifu gani! Siku ile aliwaacha samaki kwenye beseni akaenda kutazama mpira. Aliporudi walikuwa wamekwisha kufifia, akaandika doa la kichwani mwake. Doa halikuwapo wala aina mpya haikuwapo, ila jina lake sasa limo vitabuni.

"Ndugu Urbanus, tupe neno," alisema mwenyekiti, Mzee Cleopa.

Alisimama. "Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Ndugu zangu, lile doa sikuliona. Nililibuni. Nilikuwa mpirani."

Watu wakatazamana. Kisha Mzee Cleopa akaangua kicheko. "Mnamwona? Hataki sifa! Huyu ndiye mjamaa wa kweli. Mpigieni makofi!"

Makofi yakaanza upya. Urbanus alifungua kinywa aseme kwamba hatanii. Akamwona mkewe, Marselina, akifuta machozi ya furaha kwa upindo wa kanga. Akakifunga, akaketi. Kwa uongo ule wa kwanza alikuwa akisingizia ujana. Kwa huu, asingizie nini?

Mkutano ulipokwisha, Mwalimu Sesilia alimfuata na kalamu mkononi. "Tumjibu nini mtaalamu, kaka?"

Urbanus alitazama chini.

"Mwandikie asante," alisema.