Magunia ya Kuzuia Upepo

Mama alifuga kuku kwa ajili ya uzazi wa dada yangu. Dada alikuwa amejifungua mara moja huko Kigamboni kwa mumewe, mtoto akafa, na yeye mwenyewe akarudishwa kwetu Temeke amekauka kama ukuni. Mama akaapa kwamba uzazi wa pili utakuwa mikononi mwake, na mzazi atakunywa supu ya kuku mpaka arobaini yake iishe, potelea mbali sisi wengine tule nini. Basi tulikula mchicha na dagaa, na kuku wakapita mbele yetu wamenona. Mie, binti mdogo wa nyumba, niliwachukia.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na Temeke yetu ilikuwa mikorosho na nyumba za makuti zilizoachana kiasi cha mtu kulima mihogo katikati. Kuku wote walilala kizimbani isipokuwa tetea mmoja mweusi, mkaidi, aliyepanda mkorosho kila jioni. Mama naye alimtukana kila jioni.

"Kicheche na akutafune shingo, mie nicheke!"

Dada alipata nafuu, akarudi kwa mumewe, na aliposhika mimba ya pili mama akamchukua tena kwetu. Mimba ilipofika mwezi wa tisa, koo mmoja aliamka amejikunyata, manyoya yamemsimama, macho nusu yamefumba. Nikasema anasinzia tu. Mama akamgeuza akamtazama nyuma: mharo wa kijani ulikuwa umegandia kwenye manyoya. Kesho yake wengine walikuwa wanahema midomo wazi na kukoroma, na mmoja shingo ilimpinda mpaka kichwa kikatazama mgongo, akawa anakwenda kinyumenyume akijigonga ukutani. Mpaka leo sipendi kumkumbuka kuku yule.

Tukamwita jirani yetu. Alikuwa mkunga, mtu mzima, na hapakuwa na jambo mtaani lililompita bila kulitolea hukumu. Akachungulia kizimbani, akatikisa kichwa.

"Upepo huo, mwanangu. Kideri huja na upepo. Wazibie."

Mama akaziba. Alitundika magunia, akakandika matope kwenye nyufa, akaegemeza mkeka mbovu mlangoni. Wazima na wagonjwa wakawa ndani pamoja, na chungu kimoja cha maji yaliyotiwa shubiri na pilipili. Tetea mweusi hakukamatika. Tulimkimbiza mpaka mama akachoka, akasema na afe na ukaidi wake.

Tulipofungua, harufu ilitufukuza. Walikuwa wamelaliana kwenye kona. Wachache walikuwa bado wanapumua, lakini baba alikuwa kazini bandarini, wanaume wa jirani vilevile, na mwenye kisu alipopatikana wote walikuwa wameshakuwa vibudu. Baba alichimba shimo alipotoka kazini. Mama alikaa kizingitini akimtazama.

"Nitamnywesha nini mwanangu?" akasema.

Hakulia. Mie ningeona afadhali alie.

Uani tetea mweusi alikuwa akiparua jalalani, mzima wa afya, yeye aliyelala upeponi siku zote. Mama alimkazia macho kwa muda mrefu. Hakumtukana tena.

Wiki hiyohiyo dada alijifungua mtoto wa kike. Tetea akachinjwa, ikapatikana supu ya sufuria moja. Dada akanywa kidogo, akageukia ukutani. Kisha homa ikaja. Mwili ukamchemka, midomo ikampasuka, akawa anahema mdomo wazi. Nilijua nimekuona wapi kuhema kule, na nikajichukia kwa kujua.

Mkunga akaingia na furushi la matambara, akaanza kuyashindilia kwenye kidirisha.

"Mzazi kapigwa na upepo," akasema. "Nyie, leteni gunia la kuziba mlango."

Nikakimbia kizimbani nikachukua gunia, maana hatukuwa na jingine. Mama alinikuta nalo mlangoni. Akalitambua, akaninyang'anya. Akaenda moja kwa moja dirishani, akayang'oa matambara akayatupa uani, na mwanga ukamwangukia dada usoni.

"Unataka kumuua mwanao?" mkunga akafoka.

"Kuku wangu niliwaziba, bibi," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliwaziba vizuri kabisa."

Mkunga akajifunga kanga yake akatoka. Alikaa siku nyingi bila kuitikia shikamoo yangu.

Dada alipona, polepole, kwa uji mtupu, mtoto akinyonya ubavuni mwake. Sijui kama ni dirisha lililomponya au ni siku zake zilikuwa hazijafika, na mama hakuwahi kudai kwamba anajua. Lakini hakufuga kuku tena, na tangu hapo hakutaka dirisha la nyumba ile lifungwe. Masika mvua ilitulowesha vitandani, tukajikunja na kunung'unika chini kwa chini, na hakuna aliyethubutu kuinuka kulifunga.