Msalaba Kwenye Jina la Wimbo

Mimi nina hasira za karibu, wateja wangu wa stationery hapa Ifakara wanajua. Kwa hiyo mama mmoja kutoka kijiji cha Mofu aliponyoosha simu yake akasema linki ya kwaya haifunguki, nilimdaka kabla hajamaliza.

"Mama, tovuti ya kwaya nimeitengeneza kwa mikono yangu. Inafunguka."

"Basi fungua, dada."

Nikabonyeza. Ukurasa haupo. Lo!

Alikuja na binti yake wa miaka mitano hivi, aliyezaliwa baba ameshazikwa. Simu ya marehemu ilizama naye mtoni. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: wimbo wa mazoezi alioongoza yeye, ambao katibu wa kwaya alikuwa ameuweka kwenye tovuti wiki ile. Mtoto hakuwahi kumsikia baba yake. Hilo ndilo lililowatoa Mofu asubuhi.

Nikaitazama ile linki. Rangi ya buluu ya linki ilikuja vizuri, ikafika kwenye nafasi kati ya maneno, ikakatika. Baada ya nafasi kulikuwa na msalaba mdogo, kisha jina la marehemu. Nikaelewa. Katibu ni mtu wa daftari la kanisa. Mwanakwaya akifa, anamwekea msalaba kwenye jina. Sasa kaufikisha mpaka mtandaoni!

"Huyu mzee atanitambua," nikasema. "Ngoja niufute huu msalaba wake, nibadilishe na jina la wimbo."

"Usiufute," mama akasema. "Amekufa kweli. Ukiufuta utakuwa umeandika uongo."

Niliona aibu, nikauacha. Nafasi haikunisumbua, kwenye anwani ya mtandao unaandika %20 mahali pake. Lakini msalaba? Sikuwahi kuwaza kama kuna aliyeupa namba. Nikatafuta. Upo! %E2%80%A0. Jamani! Huko mbali mtu asiyeijua hata Mofu aliketi akaufikiria msalaba wa marehemu wetu, akaupa namba ili usipotee njiani. Kazi hii naifanya kila siku, na siku ile niliiogopa kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya matope.

Nikaiandika upya linki, herufi kwa herufi, nikamtumia. Safari hii buluu ilikwenda mpaka mwisho. Akabonyeza.

Kwanza mtu alikohoa. Mama akaishika meza yangu.

"Ndiye! Hakuwahi kuanza wimbo bila kukohoa."

Kisha sauti nzito ikaimba peke yake. Mama akamsogezea mtoto simu. "Baba yako huyo. Msalimie."

"Shikamoo, baba."

Mtoto akasubiri. Sauti ikaingia ubeti wa pili. Akamgeukia mama yake.

"Mbona haitikii?"

"Anaimba kwanza," mama alisema, machozi yakimtiririka, akaurudisha wimbo mwanzo.