Nusu Kikapu cha Fifi

Mwezi wa saba ulipoingia, ua wa Esteria uligeuka mweupe. Pamba ilianikwa juu ya chanja, ikamwagwa juu ya mikeka, ikarundikwa hadi karibu na kizingiti, na watoto wa jirani walijua sheria moja kabla hawajajua kusoma: kwenye rundo la fifi unaweza kujitupa upendavyo, lakini rundo la pamba safi hata kuliegemea huruhusiwi. Fifi ilikuwa ile pamba iliyoingia madoa ya njano, iliyoharibiwa na wadudu au kunyeshewa na mvua ya mwisho. Pamba safi ilikuwa heshima ya mtu.

Kabula, binti yake wa pekee, alikulia kati ya marundo hayo mawili, katika kijiji kilichokuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa mguu kutoka Bariadi. Alipokuwa mdogo alidhani dunia nzima huishi hivyo. Wanawake saba au wanane walikaa kuuzunguka mkeka, miguu wameinyoosha, vidole vikienda vyenyewe huku midomo ikisengenya, ikitega vitendawili, ikitafuna michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa kwa karanga. Walikuja kwa Esteria kwa sababu macho yake hayakupitwa na kitu. Alikuwa akiongea na mtu wa kulia, mkono wake ukaruka kushoto na kuchomoa doa dogo kama punje ya ulezi kutoka katika lundo la jirani yake.

"Na hili ulilificha la nini?" angeuliza, na kicheko kingepasuka mkeka mzima.

Katika siku hizo za chama cha ushirika, karani aliingiza mkono katika gunia la kila mkulima hadi kwenye kiwiko, akachomoa pamba ya katikati na kuikagua juani. Gunia la Esteria alilipigapiga tu kwa kiganja.

"Hili la Mama Kabula lipite. Nikilipekua nitalichafua."

Kabula alisikia maneno hayo akiwa amejificha nyuma ya kanga ya mama yake, na alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevalishwa viatu vipya.

Kisha likaja soko huria. Mwaka wa tisini na tano, wanunuzi binafsi walitandaza maturubai kando ya barabara, na wakala wao pale kijijini alikuwa Januarius, kijana mcheshi aliyekuwa hapekui gunia la mtu. Safi na fifi alizimwaga pamoja, akazishindilia pamoja, akacheka. Msimu huo wanawake hawakuja uani.

"Mwenzangu," jirani yao Wilhelmina alisema akipita na maji kichwani, "hiyo ni pamba unachambua, au mchele wa harusi?"

"Nachambua pamba yangu," alijibu Esteria, bila kuinua uso.

Akachambua peke yake, lundo baada ya lundo, majuma matatu.

Jumamosi ya mwisho ndiyo iliyokuwa siku ya mashindano ya vyama viwili vya ngoma, Wagika kwa Wagalu, na tangu alfajiri watoto wa kijiji kizima walikuwa njiani. Esteria alikuwa amemaliza kazi yote kwa mkono wake. Ilibaki tu kushindilia pamba safi ya mwisho katika gunia lililokuwa wazi, na nusu kikapu cha fifi ambacho kilitakiwa kuongezwa katika gunia la fifi, lililokwisha kushonwa.

"Lifumue, itie, ulishone tena, kisha uende kwenye ngoma yako," alisema, akashika njia ya kigangoni, ambako alikuwa msomaji wa masomo ya Jumapili.

Kabula alikuwa na miaka kumi na miwili. Alilitazama gunia lililoshonwa kwa mishono ya karibukaribu ya mama yake. Akasikia ngoma. Akachukua nusu kikapu cha fifi, akaisukuma ndani ya gunia la pamba safi, akafunika kwa pamba nyeupe na kushona mdomo. Kila mtu alikwisha kusema kwamba kuchambua hakuna maana tena.

Jioni mama yake aliuliza, "Ile fifi uliitia?"

"Niliitia, mayu."

Jumatatu Jilala, babake Kabula, aliyapeleka magunia kwa mkokoteni wa ng'ombe, mama na mtoto wakifuata nyuma kwa miguu. Januarius alikata mshono, akainamisha gunia juu ya turubai. Nyeupe ilitangulia. Kisha ikaanguka ile ya njano, bonge zima, katikati ya weupe ule, kama mtu aliyeingia kanisani na kofia.

"Ee, Mama Kabula!" Wilhelmina alipiga makofi kwa furaha. "Hata wewe! Karibu basi, karibu kwetu wachafu!"

Watu wakacheka, bila ubaya.

"Usijali, mama," Januarius alisema. "Mashine haina macho."

Esteria aliinama, akaokota vipande vitatu vya fifi. Akavisogeza karibu na uso, akavipeleka mbali, akavisogeza tena.

"Ulichambua bila kutazama?" Jilala aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilitazama," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Kabula alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na aliihisi ikiwa tayari mdomoni. Wilhelmina alikuwa bado anacheka, watu walikuwa wengi, na akaimeza. Alijiambia ataisema nyumbani.

Nyumbani hakuisema. Na mama yake, ambaye hakuwahi kumshuku mtoto wake, akaanza kuyashuku macho yake. Jumapili iliyofuata alimkabidhi kitabu cha masomo msichana aitwaye Mektilda, akisema maandishi yamemzidi. Akaacha kufuma vitambaa. Alipopika wali alimwita Kabula atoe mawe, yeye akikaa kando na mikono mapajani, na watu wakazoea kumpisha njiani na kumshika kiwiko penye mashimo. Siku moja Kabula alimwona akitunga uzi katika tundu la sindano mara ya kwanza tu, bila kukosea.

"Mayu, mbona unaona?"

"Bahati," alisema Esteria, akaiweka ile sindano chini kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Miaka minane ilipita hivyo. Kabula alikwenda kusomea ushonaji katika chuo cha ufundi, na likizo ya kwanza alirudi akiwa ameamua. Alimkuta mama yake ameketi uani mchana, ua umefagiliwa, hauna kitu. Akapiga magoti mbele yake, akasema yote.

Esteria alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatabasamu.

"Nani amekutuma? Baba yako?"

"Hakuna aliyenituma. Ni mimi niliyeichanganya."

"Mtoto wa miaka kumi na miwili atunze neno kama hilo miaka minane, anione ninavyoshikwa mkono, na bado ale na kulala? Si mtoto niliyemzaa mimi."

Kabula akasema tena, sasa akilia. Akakitaja kikapu, akaitaja siku ya ngoma, akataja hata upande wa gunia alikoisukuma ile fifi.

Mama yake alimfuta machozi kwa ncha ya kanga, taratibu, bila kubakiza hata tone.

"Nyamaza, mwanangu. Umenifariji, imetosha. Usiendelee kuapa. Hata uongo wa huruma ni dhambi, ingawa ni ndogo, na Mungu anaelewa kwa nini umeusema."